Asidi ya laktiki kutoka kwa maganda ya viazi: bakteria ndiye mwenye kazi nyepesi

Maganda ya viazi yakilala usiku mmoja ndani ya gunia nyuma ya kibanda cha chipsi mjini Nakuru, kunapokucha huwa yameanza kuchachuka. Hakuna aliyeyatia hamira wala dawa. Bakteria waliokuja nayo kutoka shambani Molo au Kuresoi wamekula sukari kidogo waliyoikuta na kutoa asidi ya laktiki, ileile inayogandisha maziwa lala, inayoipa mursik ukali wake, na inayochachusha unga wa mahindi wa busaa kabla haujakaangwa.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kutengeneza asidi hii kutokana na mabaki ya mimea huanza kwa kutafuta bakteria hodari, akiamini mengine yatafuata. Lakini bakteria ndiye asiye na matata. Kazi ngumu iko kabla yake, katika kuifungua sukari iliyofungwa ndani ya mmea, na iko baada yake, katika kuitenga asidi na maji yaliyojaa protini, chumvi, rangi na makapi. Mradi ukifa, kwa kawaida hufia katika ncha mojawapo ya hizo mbili. Makala haya yanafuata njia nzima kwa vipimo, yakitumia mabaki yanayopatikana kati ya Nakuru na Ziwa Viktoria.

Asidi yenyewe na wanaoitaka

Ni molekuli ndogo: kaboni tatu, haidrojeni sita, oksijeni tatu. Mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliitenga kutoka kwa maziwa yaliyochacha mwaka 1780, na mwaka 1881 Marekani ilikuwa tayari inaitengeneza kibiashara kwa uchachushaji. Katika vyakula hutumika kuhifadhi na kutia ukali, ikiandikwa E270 kwenye vibandiko. Watengenezaji wa ngozi huitumia kuondoa chokaa kwenye ngozi kabla ya kuilainisha. Chumvi zake zimo kwenye dripu za hospitali na kwenye vipodozi. Matumizi yanayozungumziwa zaidi siku hizi ni plastiki ya PLA, inayotengenezwa kutokana na asidi hii, hasa tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017. Ni vyema msomaji ajue mapema kwamba PLA haiozi mtaroni wala kwenye lundo la taka la nyumbani kwa muda wa maana. Inahitaji mboji ya kiwandani yenye joto la nyuzi 58 hivi.

Kuna jambo moja la kikemia linaloamua bei. Molekuli hii ina maumbo mawili, L na D, yanayofanana kama kiganja cha kulia na cha kushoto: vidole ni vilevile, lakini glavu ya mmoja haimwingii mwenzake. Mwili wa binadamu hutumia L kwa wepesi, na D haitakiwi katika chakula cha watoto wachanga. Mtengenezaji wa plastiki naye anataka umbo moja karibu tupu, kwa kuwa mchanganyiko hutoa plastiki laini isiyohimili joto. Bakteria unayemchagua ndiye anayeamua utapata umbo gani, na kosa hilo halirekebishiki baadaye.

Sukari iko chini ya kufuli gani?

Katika ukanda huu mabaki ni mengi, ila yanatofautiana katika jinsi yalivyoifungia sukari yake.

Molasi haina kufuli. Karibu nusu ya uzito wake ni sukari iliyo huru. Kilo moja ikizimuliwa mpaka lita tano inakupa takriban gramu 100 za sukari kwa lita, kiasi ambacho bakteria wanakipenda. Tatizo ni kwamba molasi ya ukanda wa miwa ina wateja tayari: Muhoroni inageuzwa kuwa spiriti na hamira, na wafugaji hununua ya kuchanganya na lishe. Makapi ya miwa vilevile si taka kama watu wanavyodhani, kwa kuwa viwanda vya sukari huyachoma kwenye boila zao kupata mvuke. Ukiyaondoa, itabidi kiwanda kinunue kuni. Anayeandika mpango wa biashara akihesabu vitu hivi kuwa vya bure amekosea kabla ya kuwasha moto.

Gugumaji la Ghuba ya Winam hutajwa katika kila kikao. Ni kweli ni tele, lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Lori la tani kumi linabeba tani tisa za ziwa. Kwa asidi ya laktiki hatulishauri.

Kinachobaki ni mabaki ya wanga: maganda ya viazi ya Nakuru, maganda ya muhogo ya Busia na Siaya, ndizi zilizooza sokoni Kibuye. Hapa kufuli ni jepesi. Wanga ni mnyororo wa glukosi, na ukishapikwa ukalainika, vimeng'enya (protini zinazokata molekuli) vya kimea huukata kwa saa chache. Muhogo unahitaji tahadhari zaidi, kwani maganda yake yana sianidi nyingi kuliko nyama yake: yakatwekatwe, yalowekwe, yapikwe kwenye sufuria isiyofunikwa, mahali penye hewa, kabla ya kumpa bakteria.

Kufuli zito ni la magunzi ya mahindi, mabua na majani makavu ya ngano. Tutalirudia, kwa sababu lina mambo yake.

Bakteria na asidi inayomrudi

Bakteria wa laktiki wamegawanyika mara mbili. Wa kwanza hugeuza glukosi moja kuwa asidi ya laktiki mbili bila kingine chochote; gramu 100 za glukosi zinaweza kutoa gramu 100 za asidi, na anayepata 85 hadi 95 amefanya vizuri. Wa pili, kama jamii ya Leuconostoc, hutoa asidi ya laktiki pamoja na pombe au asidi ya siki na gesi ya kaboni dioksaidi, hivyo nusu ya sukari inapotea. Unataka wa kwanza. Lacticaseibacillus rhamnosus hutoa umbo la L na hupenda nyuzi 37 hadi 40. Lactobacillus delbrueckii hutoa D na huvumilia nyuzi 45. Lactiplantibacillus plantarum ni mgumu kufa na hupatikana kila mahali, lakini hutoa L na D kwa pamoja. Anafaa kwa sileji, hafai kwa plastiki.

Mbegu safi, yaani bakteria wa kuanzishia, hutafutwa kwenye vyuo vikuu vyenye maabara ya mikrobiolojia, kama Egerton kule Njoro. Anayetaka kutenga wake kutoka kwa mursik au uji uliochacha atumie chakula cha maabara kiitwacho MRS, kilichobuniwa na de Man, Rogosa na Sharpe mwaka 1960, akiongeza nusu asilimia ya unga wa kalsiamu kabonati. Bakteria anayetoa asidi huyeyusha unga huo na kuacha duara angavu kuzunguka makazi yake. Kisha tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 juu yake: povu likitoka, huyo si wa laktiki. Mwisho, akuzwe katika tyubu yenye kijitubu kidogo kilichogeuzwa ndani. Gesi ikikusanyika humo, ni wa kundi la pili, muache.

Sasa, kwa nini maziwa lala hayaendelei kuchacha hadi yageuke asidi tupu? Asidi ya laktiki ikiwa ndani ya maji yenye pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka ukali unapozidi) iliyo chini ya 3.9 hivi, sehemu yake kubwa haina chaji, na molekuli isiyo na chaji hupenya utando wa bakteria kama maji kwenye kitambaa. Ikifika ndani inaachia haidrojeni yake, na bakteria analazimika kutumia nguvu zake zote kuipampu nje. Anaacha kukua, kisha anaacha kuchachusha. Bila msaada hukwama akiwa ametoa gramu 10 hadi 20 tu kwa lita. Dawa ni kuifunga asidi inapotoka, na njia ya bei nafuu ni kalsiamu kabonati, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, kama yale ya Koru. Kila kilo ya asidi hufungwa na gramu 556 za kabonati, ikawa laktati ya kalsiamu na kutoa gesi.

Usichanganye chokaa hii na chokaa iliyozimwa ya kupaka kuta. Iliyozimwa huyeyuka hata pasipo na asidi na inaweza kupandisha pH hadi 12 pale inapoangukia, ikiua bakteria kwa mabonge. Kabonati huyeyuka pale tu panapokuwa na asidi ya kuiyeyusha, kwa hiyo inajipima yenyewe.

Pipa moja la maganda, kwa vipimo

Chukua kilo 100 za maganda mabichi ya viazi. Ukiyakausha utabaki na kilo 18 hivi, na tuchukulie nusu yake ni wanga: kilo 9. Wanga ukikatwa huongezeka uzito kidogo kwa kunywa maji, ukawa kilo 10 za glukosi. Kwa ufanisi wa asilimia 85 tunatarajia kilo 8.5 za asidi. Kiwango cha wanga hubadilika na namna ya kumenya: anayemenya kwa kisu huacha nyama nyingi kwenye ganda kuliko mashine, kwa hiyo pima maganda yako mwenyewe kwa kukausha kabla ya kununua chokaa.

Osha maganda mpaka maji yatoke safi. Hatua hii hudharauliwa sana, na ndiyo inayoleta hasara kubwa. Udongo umejaa spora (maumbo sugu) za Clostridium, bakteria mharibifu, na spora hizo hazifi kwa kuchemshwa. Nakuru iko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Kisumu ni karibu 96. Hata sufuria ya presha inadanganya: geji ikisoma paundi 15 mjini Nakuru, ndani mna nyuzi 118, si 121 zilizoandikwa vitabuni. Tofauti hiyo ndogo inapunguza kasi ya kuua spora kwa nusu. Chakula cha kukuzia mbegu kinachohitaji dakika 15 kwenye usawa wa bahari kipe dakika 35 Nakuru.

Saga maganda, ongeza maji lita 25 hadi 30, pika kwa dakika 40 ukikoroga mpaka liwe rojo zito. Acha lipoe hadi nyuzi 65. Hapo ongeza unga wa kimea cha wimbi, kilo 1.3 hivi. Wimbi tunaupendelea kuliko mtama kwa sababu kimea cha mtama ni dhaifu katika kimeng'enya kimoja kinachokata wanga hadi sukari ndogo, na machipukizi ya mtama huwa na sianidi. Shikilia nyuzi 60 hadi 65 kwa saa mbili. Zaidi ya 70 vimeng'enya vinaharibika. Chini ya 55 kazi inakwenda polepole na bakteria wa kuvamia wanapata nafasi. Rojo litalegea na kuwa jepesi ndani ya nusu saa ya kwanza, lakini kulegea si ushahidi kwamba sukari imetoka. Chukua tone kwenye sahani nyeupe, dondoshea iodini: rangi ya bluu nyeusi maana yake wanga bado upo, ikibaki manjano ya iodini yenyewe, umemaliza. Anayeweza kununua vimeng'enya vya kiwandani atapata glukosi nyingi zaidi, kwa kuwa kimea huacha vipande vya mnyororo ambavyo bakteria wengi hawavili.

Kisha pandisha tena joto hadi 85 kwa dakika 30 kuua wavamizi waliokuja na kimea, maana kimea kina bakteria na ukungu tele. Poza hadi 38. Chuja kwa kitambaa kama unataka asidi ya kutenga; ukiacha makapi ndani, kazi ya kuchuja itakungoja mwishoni ikiwa ngumu zaidi.

Bakteria wa laktiki ni mlaji wa kuchagua. Sukari peke yake haimtoshi: anahitaji asidi za amino na vitamini za jamii ya B ambazo hawezi kujitengenezea. Maabara humpa dondoo la hamira, gramu 5 hadi 10 kwa lita, ambalo kwa pipa zima bei yake inaweza kupita thamani ya asidi yote. Hamira iliyotumika ya kiwanda cha bia, ikichemshwa ili seli zake zipasuke, hufanya kazi karibu sawa. Pumba za ngano zilizolowekwa na kuchemshwa pia husaidia. Ongeza manganisi kidogo, gramu 0.05 za salfeti yake kwa lita, kwa kuwa jamii hii ya bakteria huihitaji kuliko wengi wengine.

Mbegu ianze ndogo na ikuzwe kwa hatua: mililita 10, kisha 300, kisha lita 6, kila hatua saa 12 hadi 16 kwenye nyuzi 37. Lita 6 kwa lita 120 za rojo ni asilimia 5, na wingi huo ndio ulinzi wako mkuu, kwani anayewahi kuijaza nafasi ndiye anayeishinda. Mbegu iliyokaa siku tatu ikichacha tayari imechoka. Itakawia kuanza, na saa hizo za kukawia ndizo za mvamizi.

Pipa liwe la plastiki ya chakula au chuma cha pua. Mabati yaliyopakwa zinki yanaliwa na asidi na zinki hiyo inaingia kwenye bidhaa. Jaza robo tatu tu. Hewa haihitajiki; koroga polepole, kiasi cha kuzuia chokaa kutuama. Joto ndilo linalosumbua Nakuru, kwa kuwa usiku hushuka hata nyuzi 10 na uchachushaji huu hautoi joto la kutosha kujipasha. Pipa ndani ya pipa, katikati pakiwa pamejazwa makapi ya mpunga kutoka Ahero, hupunguza upotevu, lakini bado utahitaji maji moto kwenye koili. Kisumu tatizo hili ni dogo.

Weka kilo moja na nusu ya kabonati mwanzoni, kisha ongeza kadiri pH inavyoelekea 5.5, mpaka kilo 5 hivi kwa jumla. Usisubiri hadi ishuke 4 ndipo umwage nyingi kwa mara moja: gesi yote itatoka pamoja na pipa litatapika. Pipa hili litatoa zaidi ya lita elfu moja za kaboni dioksaidi kwa siku mbili, nayo ni nzito kuliko hewa na hulala chini. Chumba kiwe wazi, na mtu asiiname ndani ya pipa.

Kujua kama inafanya kazi

Njia iliyozoeleka ni kupima asidi kwa kudondosha sodiamu haidroksaidi ya 0.1 N kwenye mililita 10 za sampuli yenye fenolfthalini, kiashiria cha rangi, mpaka rangi ya waridi itokee na kubaki. Kila mililita moja ni gramu 0.009 za asidi ya laktiki. Kwa maziwa lala kipimo hiki ni sahihi. Kwa pipa lenye chokaa kinapotosha, kwa kuwa asidi iliyofungwa na kalsiamu haionekani. Wapo wanaolitupa pipa zima wakidhani bakteria wamekufa, kumbe asidi imo, imejificha kwenye laktati.

Mzani unasema ukweli zaidi. Kila kilo moja ya asidi inayofungwa hutoa gramu 244 za gesi inayoondoka pipani. Simamisha pipa juu ya mzani, fanya mfuniko usipitishe mvuke mwingi, jumlisha kila chokaa unayoongeza, na uandike uzito kila saa sita. Uzito ukipungua kilo mbili, umepata kilo nane na kidogo za asidi. Ukikoma kupungua, ama sukari imeisha ama kuna tatizo.

Harufu nayo ina mengi ya kusema. Asidi ya laktiki haina harufu ya kutambulika. Harufu kali ya siagi iliyooza au matapishi ni asidi ya butiriki: Clostridium wameingia na wanaila asidi yako ya laktiki yenyewe, hasa ukiwa umeiacha pH juu ya 6 kwa muda mrefu au umechelewa kuvuna. Pipa hilo haliokoleki. Harufu ya pombe na povu jepesi la kudumu ni hamira iliyosalia hai, kwa kawaida ile ya kiwanda cha bia ambayo haikuchemshwa vya kutosha. Utando mweupe juu ni ukungu au hamira za juu, dalili kwamba hewa inaingia. Na mradi uliofanya vizuri kwa wiki kadhaa kisha ukasimama ghafla, bila harufu mbaya, mara nyingi umevamiwa na virusi vya bakteria. Hapo osha kila kitu kwa klorini na ubadilishe aina ya mbegu. Kuongeza ileile ni kuwalisha virusi.

Kosa jingine ni la Nakuru hasa. Gramu 70 za asidi kwa lita zikishafungwa na kalsiamu hufika ukingoni mwa kiasi kinachoweza kuyeyuka kwenye nyuzi 30. Moto ukizimika usiku, asubuhi unakuta pipa limeganda kama ugali. Lipashe polepole na litarudi, lakini usijaribu kulikoroga kwa nguvu na mashine.

Magunzi na kufuli lake

Gunzi kavu ni zaidi ya theluthi moja selulosi, na karibu kiasi hichohicho hemiselulosi, vyote vikiwa vimeshikwa na lignini kama kokoto ndani ya saruji. Kwenye karatasi sukari yake ni nyingi kuliko ya ganda la kiazi. Kuifikia ndiyo taabu.

Hatua ya kawaida ni kusaga hadi milimita 2 hadi 5, kuloweka kwenye asidi ya salfuriki ya asilimia 1, na kupika kwa nyuzi 121 kwa saa moja, sehemu moja ya gunzi kwa sehemu kumi za maji. Hemiselulosi huyeyuka na kuwa zailosi, sukari ya aina nyingine. Selulosi hubaki, ikiwa imelegea, na inahitaji vimeng'enya vya selulasi kwenye nyuzi 50 na pH 4.8 kwa siku mbili hadi tatu. Vimeng'enya hivyo huagizwa, na ndivyo vinavyokula bajeti. Ukizidisha moto au asidi, zailosi inageuka furfurali, sumu kwa bakteria. Maji yakiwa kahawia iliyokolea na kunuka kama lozi zilizoungua, umepita kiasi. Yanaweza kusafishwa kwa kupandisha pH hadi 10 kwa chokaa iliyozimwa, kuchuja, kisha kuishusha tena hadi 6, ingawa kila safari hiyo inakuibia sukari kidogo.

Halafu zailosi yenyewe ina kaboni tano. Bakteria wengi wa laktiki wanaoila huikata vipande viwili, tatu na mbili: tatu inakuwa asidi ya laktiki, mbili inakuwa asidi ya siki. Gramu 100 hazitoi zaidi ya 60 za unachotaka, na siki inakuwa uchafu mwingine wa kutenga. Bacillus coagulans ni hodari katika hili. Hupitisha zailosi kwa njia nyingine na kuitoa karibu yote kama asidi ya laktiki ya umbo la L, na hufanya hivyo kwenye nyuzi 50, joto lilelile la selulasi. Hivyo vimeng'enya na bakteria vinaweza kufanya kazi katika pipa moja: sukari inaliwa inapotoka, haijikusanyi, na vimeng'enya havizibwi na zao lao wenyewe. Joto hilo pia huwafukuza wavamizi wengi. Kama kuna siku magunzi ya Trans Nzoia na Bungoma yatakuwa asidi, tunaamini itakuwa kwa njia hii. Kwa sasa, mama anayeyatumia kupikia anayapa thamani ya hakika kuliko kiwanda kidogo kinavyoweza.

Kuitoa majini

Pipa limeisha, lina kilo 8.5 za asidi katika umbo la laktati. Lipashe hadi nyuzi 80, ongeza chokaa iliyozimwa hadi pH 10: bakteria wanakufa, protini zinagandamana, na laktati inabaki imeyeyuka. Chuja ingali moto. Njia ya viwandani inaendelea kwa asidi ya salfuriki, kilo 4.6 kwa pipa hili, ikimiminwa kwenye maji na kamwe si maji kwenye asidi. Kalsiamu inaondoka kama jasi, asidi ya laktiki inabaki huru. Kisha mkaa amilifu kuondoa rangi, resini za kubadilisha ayoni kuondoa chumvi, na mwisho kuvukiza maji.

Hapo mwisho ndipo hesabu inapouma. Ili kupata asidi ya asilimia 80 lazima uondoe maji lita 110 hivi. Kwa jiko la kawaida hizo ni kilo 60 za kuni kavu kwa kilo 8 za asidi. Juu ya hayo, ukiichemsha wazi hadi iwe nzito inageuka kahawia, na molekuli zinaanza kuungana zenyewe kwa zenyewe. Inahitaji ombwe ili ichemke kwa joto dogo, na mtambo huo si wa karakana.

Kwa hiyo, kwa kikundi au kiwanda kidogo, tunashauri kusimama kwenye laktati ya kalsiamu. Punguza maji ya moto yaliyochujwa hadi nusu, yaache yapoe usiku kucha, na fuwele nyeupe zitatuama. Ule ubaridi wa Nakuru uliogandisha pipa sasa unafanya kazi yako. Zioshe kwa maji baridi kidogo, ziyeyushe tena na kuzigandisha mara ya pili kama rangi bado ipo, zikaushe chini ya nyuzi 60. Hakuna salfuriki, hakuna ombwe. Laktati ya kalsiamu inanunuliwa kama bidhaa yenyewe, ikiwa na namba E327 kwa vyakula. Anayelenga chakula cha binadamu aanze kuzungumza na KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya pipa la kwanza, kwa kuwa vipimo vya risasi na aseniki kwenye chokaa ya shambani vinaweza kumkwamisha baada ya kutumia fedha zote.

Na anayechagua njia ya salfuriki atabaki na jasi, karibu kilo moja kwa kila kilo ya asidi. Ataambiwa aimwage shambani kwa kuwa udongo wa magharibi una asidi. Jasi hulipa shamba kalsiamu na salfa, lakini haipandishi pH ya udongo kama chokaa ifanyavyo, na mkulima anayepewa jasi kwa jina la chokaa atasubiri mahindi yake yabadilike rangi bila kuona tofauti.